Papa Mugisho Alipovua Kofia

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na aibu hii nilijiletea mwenyewe, mbele ya darasa langu la watu wazima hapa Bukavu. Tulikuwa tunajifunza neno "bald". Nikaeleza: ni mutu ambaye nywele zake zimekwisha zenyewe. Aliyenyoa sababu ya kilio, huyo si "bald".

Nikatafuta mufano. Papa Mugisho, muzee wetu mupole, alikuwa amerudi kutoka Luvungi baada ya kukosa darasa majuma mawili. Kofia yake, ambayo hatukuwahi kumuona bila hiyo, ilikuwa imelowa mvua, akaivua. Kichwa kiling'aa. Kwetu tukifiwa tunanyoa, basi roho ikaniuma.

"Muone Papa Mugisho," nikasema polepole. "Yeye si 'bald'. Iko mu kilio. Tusimame, tumuombee."

Wote wakasimama. Kuimba sijui, lakini nilianzisha wimbo wa maziko mpaka machozi yakanitoka. Papa naye akaimba besi kwa adabu, mpaka mwisho. Ndipo bibi yake, anayesoma naye, akanyoosha mukono.

"Mwalimu, hakuna mutu alikufa. Ni nywele njo zilikufa, hata mbele hajanioa."