Fundi wa Lami Pekupeku

Fundi wa lami, mgeni pale Charleville, mji wa Australia, huvua viatu kwanza kabla ya kukagua kazi. Noelene, katibu wa klabu ya kriketi, alimtazama akipita pekupeku kwenye maegesho yaliyochakaa, jua kali, macho kayafumba, vidole vikipapasa kila ufa.

“Utaungua, wewe!”

“Viatu vinaniziba masikio.” Akaendelea kunong'ona: “Kiraka. Kiraka. Hapa pazima.” Karibu na lango akabonyeza kwa kisigino. “Hapa pamedidimia mpaka chini. Gari zito limeegeshwa hapahapa miaka nenda miaka rudi. Kiraka hakifai, lazima tufukue.”

Noelene alisogea akasimama kando ya pale. Hapo ndipo marehemu mumewe alipokuwa akiegesha lori lake. Fundi alimwangalia usoni, akavaa viatu, akapazunguka bila kupakanyaga.

“Basi,” alisema Noelene, “hapo pafukue mwisho.”