Tuliwalilia watu wa kitabuni, jirani yetu akapanda lori

Wakuu, nawasalimu kutoka Silibwet.

Nimepitia ule uzi wa vijana mnaojadili novel za post-apocalyptic, zile ambazo dunia imeungua na waliobaki wanalazimishana kufanana. Mmoja wenu aliuliza kama hadithi ya namna hiyo imewahi kumgusa mtu maishani.

Mimi ninayo moja, ya miaka ya hamsini. Sitaongeza chumvi, maana mimi mwenyewe sitoki vizuri ndani yake.

Wazazi wetu walifuatana kufa mwaka mmoja. Mimi ndiye kifungua mimba, nikaacha shule darasa la sita, nikaandikwa kuchuma chai huko Kericho. Nyuma yangu walikuwa watatu, wa mwisho hajaota meno.

Katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, tulipakana na Mama Nyambura, mjane kutoka upande wa Nyeri. Nikienda shambani, mtoto alibaki mgongoni mwake. Watu wakimuuliza, "Huyu ni wako?" alijibu, "Kwani ni wa nani?"

Kitabu nilikiokota kwenye takataka za nyumba ya meneja. Hakikuwa na jalada, kwa hivyo jina lake silijui mpaka leo. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la sita. Ukurasa mmoja ulinichukua siku mbili.

Jumapili baada ya kanisa, majirani walikaa nje ya nyumba ya Mama Nyambura nikawasimulia nilichosoma wiki hiyo.

Kwa ufupi, moto ulikuwa umemaliza miji yote. Waliosalia waliishi bondeni, na kila asubuhi walijipaka majivu usoni ili wote wafanane. Asiyejipaka alihesabiwa kuwa ndiye aliyeleta moto.

Msichana mmoja akanawa uso. Watu wakaacha kuteka maji pamoja naye.

Mzee Ombati, mchumaji kutoka Kisii, hakuacha mzaha. "Sasa shida ya hawa ni majivu tu? Waje jikoni kwa mke wangu, wajipake bure."

"Nyamaza, Mzee," Mama Nyambura akamwambia. "Chelang'at, endelea. Walimfanya nini?"

Nilipofika mahali mama mzazi wa yule msichana anageuza uso asimsalimie, wanawake walilia. Tulisema wale watu ni wanyama. Tukarudi nyumbani tukijiona wema.

Niseme jambo moja pembeni. Kwa ambao hamjawahi kuchuma chai: tulilaza fito juu ya michai, na chipukizi lililozidi fito lilivunjwa ili chai ibaki sawa kama meza. Nilifanya hivyo kila siku na kamwe sikukumbuka kitabu. Nasema hivi kwa sababu mnaandika humu kana kwamba funzo la hadithi linajileta lenyewe.

Basi, ikaja Hali ya Hatari, mkoloni alipokuwa akipambana na Mau Mau. Amri ikatoka kwamba watu wa kwao Mama Nyambura warudishwe makwao.

Ikasemekana kwamba lori litakuja kuwachukua, na kwamba atakayeonekana nao atapanda lori hilo hilo.

Pale mferejini, foleni ilianza kumkwepa. Hatukukubaliana, ilitokea tu. Mimi nami nikaanza kumwachia mtoto dada yangu wa miaka minane. Mama Nyambura hakuniuliza kitu. Ila ukuta wetu ulikuwa mmoja, na asubuhi moja akanipitia mlangoni, akasema bila kusimama, "Mtoto amekohoa sana. Mpe maji ya moto."

Lori lilikuja tukiwa shambani. Kutoka mteremkoni tulimwona amesimama na sanduku lake la bati.

Akaita. "Chelang'at! Niletee mtoto nimuage!"

Wote walisikia. Nilikuwa na watoto watatu wa kulisha, na nyumba ilikuwa ya kampuni. Niliinamisha kichwa nikaendelea kuchuma.

Mzee Ombati akatua kikapu chake. Akateremka polepole, akaenda kwetu, akamtoa mtoto kwa dada yangu, akampelekea. Mama Nyambura alimshika kwa muda mfupi, akamfunga vizuri shuka. Ombati akapandisha lile sanduku kwenye lori, akamrudisha mtoto, kisha akapanda tena mteremko hadi kwenye mstari wake.

Nyapara alimtazama. Sisi tukangoja.

"Ombati," akasema, "kikapu chako hakijajaa."

Yakaishia hapo.

Mchana nilimuuliza, "Mzee, hukuogopa?"

"Niliogopa. Lakini ni nani hasa aliyesema tusimuage?"

Niliuliza laini nzima. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwenzake.

Jumapili hiyo hakuna aliyekuja kusikiliza. Zilikuwa zimebaki kurasa kama thelathini. Sikuzisoma, na Mama Nyambura sikumwona tena.

Wadogo zangu niliwasomesha wote. Yule wa mwisho nilimweleza jambo hili alipokuwa mtu mzima. Aliuliza kama yeye mwenyewe alilia siku hiyo. Nilimwambia sijui, nilikuwa nimeinama.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari hapa Silibwet, fujo za uchaguzi zilikuja na ikasemekana tena nani akae na nani aondoke. Jirani yangu ni mtu wa Nyeri pia. Nilibeba kigoda nikakaa mlangoni kwake tangu asubuhi, nachambua mboga.

Vijana walipita na marungu yao. "Chamgei, kogo," wakaniamkia kama bibi yao. "Unafanya nini hapa?"

"Nachambua mboga. Nanyi mmetumwa na nani?"

Walitazamana. Wakaendelea na njia.

Msiite huo ushujaa. Nilikuwa nimechelewa kwa miaka mingi.

Funzo nililopata: kumlilia mtu wa karatasi ni rahisi, kwa sababu hawezi kukuita kwa jina. Na kabla ya kutii, uliza amri imetoka kinywani mwa nani.

Kama kuna anayekitambua kitabu hicho, aandike hapa chini kinaitwaje. Ila wakuu, naomba asiniambie kama katika zile kurasa za mwisho yuko aliyemwendea yule msichana.