Siku Nilipoendesha Nyuma ya Fidèle

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo bado naikumbuka kila mvua inapogonga kioo cha gari. Nilikuwa kijana, nimevaa suti nyeusi ya kazini, nikimpeleka balozi wangu uwanja wa ndege wa Zaventem kwa mara ya mwisho. Alikuwa anarudi kwao visiwani baada ya miaka mingi hapa Brussels. Siku hiyo nilifundishwa jambo dogo nami sikulishika. Nakuandikia wewe unayefanya kazi mji huu, ili ulishike.

Acha nianzie mbali kidogo. Sisi wazee hatujui kuanzia karibu.

Nilifika mji huu kutoka Bukavu nikiwa na diploma ya sekondari na bila mtu wa kunipokea isipokuwa Fidèle. Tulikulia mtaa mmoja, Kadutu, naye alinizidi umri kidogo. Alinikaribisha katika chumba chake kule mtaa wa Forest, akanipa upande wa kitanda uliokuwa mbali na dirisha, kwa sababu sikuwa nimezoea baridi. Alikuwa dereva wa balozi mmoja mwanamke kutoka visiwa vya Karibea, mama mwenye kicheko kikubwa ambaye sote tulimwita Maman Balozi. Fidèle aliposikia kuwa balozi wa ghorofa ya chini yao anatafuta dereva, alinipeleka mwenyewe, akanifunga tai pale mlangoni.

"Usiseme mingi," aliniambia. "Sema tu oui, Excellence, ndiyo Mheshimiwa. Ile ingine yote nitakufundisha."

Na kweli alinifundisha. Jumapili alitangulia na gari lake, mimi nikamfuata na langu, hadi nikazijua barabara za mji.

Balozi wangu alitoka visiwa vya Bahari ya Hindi. Nchi hizo mbili zilikuwa ndogo, na kodi ya nyumba mji huu unaijua. Basi zilipanga nyumba moja nyembamba na ndefu, kama zilivyo nyumba nyingi za hapa: ofisi yetu chini, ya Maman Balozi juu, na jiko moja kule chini kabisa, ambako dirisha linaonyesha miguu ya wapita njia. Katika jiko hilo ndiko nilikouona urafiki wa nchi mbili, si kwenye hotuba. Sikukuu ya uhuru wa visiwa vya Maman ilipofika, balozi wangu alivua koti, akawapikia wageni wa Maman wali wa nazi. Kimbunga kilipopiga visiwa vyetu (nilikuwa nimeanza kusema "vyetu", mimi mtu wa Bukavu ambaye bahari niliijua ya Ostende tu, pwani ya hapa Ubelgiji) Maman Balozi aliwafungulia watu wetu ofisi yake watumie simu zake kutafuta ndugu zao. Alikaa nao mpaka wa mwisho akapata jibu.

Sasa, ili unielewe, sharti nikueleze desturi moja ya mabalozi. Wao hawapangwi kwa ukubwa wa nchi. Balozi aliyetangulia kumkabidhi mfalme barua zake za utambulisho ndiye anayetangulia kila mahali: kwenye viti, kwenye mstari wa kusalimiana, hata magari yanapoitwa baada ya sherehe. Balozi wangu alifika Brussels kabla ya Maman Balozi. Kwa hiyo gari letu lilitangulia lao. Na mimi, mwanangu, desturi hiyo ilinilevya. Nilianza kuona kuwa si balozi wangu tu aliyemtangulia Maman Balozi, bali na mimi nilikuwa nimemtangulia Fidèle.

Jioni moja kulikuwa na tafrija kubwa na mvua ilikuwa inanyesha sana. Madereva tulikuwa nje, tunangoja. Maman Balozi alikuwa na maumivu ya mguu siku hizo, akitembelea fimbo. Fidèle akasogeza gari lake hadi kwenye ngazi kabla ya langu, ili mama yule asilowe. Nikapiga honi. Nikashuka.

"Fidèle! Toa ile motoka! Hujue ya nani inatangulia?"

"Déo, iko mvua. Maman mugulu inamuuma. Dakika moja tu, ndugu yangu."

"Hapana dakika. Wa kwetu alitangulia wako. Weye uko nyuma yangu, na utabakia nyuma."

Dereva mmoja wa Kinshasa akapiga mluzi. "Eh! Excellence Déo! Tumpishe njia, bandeko, ndugu zangu!" Wote wakacheka. Nami, kwa ujinga wangu, nikadhani wananisifu.

Fidèle alinitazama, akarudisha gari nyuma. Maman Balozi akateremka ngazi polepole, akaishika reli kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, akatembea katika mvua ile hadi lilipokuwa gari lake. Balozi wangu alikuwa amesimama juu ya ngazi, ameona yote. Alipanda gari akafunga mlango mwenyewe.

Sikuomba msamaha. Mwezi ule ule nilihama Forest, nikapata chumba Koekelberg. Kule jikoni tulipishana mimi na Fidèle tukiwa na vikombe mkononi, kama watu wawili waliokutana kituo cha treni.

Kisha muda wa balozi wangu ukaisha. Balozi anayeondoka huwatembelea wenzake mmoja mmoja kuwaaga, nami nikamzungusha mji mzima. Maman Balozi alimweka wa mwisho. Siku hiyo balozi wangu alivaa suti yake nzuri, akachukua zawadi, akaanza kupanda ngazi za nyumba yetu wenyewe. Nikacheka.

"Excellence, si mtaonana tu jikoni?"

Alisimama. Alisema Kifaransa, nakuandikia maana yake: "Ndiyo sababu napanda. Huyu nikimuaga juu ya sufuria, nitakuwa nimemfanya kama kiti cha nyumbani. Njoo na wewe. Nadhani una mtu wa kumsalimia huko juu."

Akapiga kengele. Fidèle akafungua mlango. Alimkaribisha balozi kwa heshima zote, kisha akanigeukia, na nusu ya tabasamu ikamtoka.

"Na weye, mukubwa wangu, ingia. Kahawa iko."

Neno "mukubwa" likanichoma. Leo najua ulikuwa utani, utani wa Kadutu, wa mtu anayekutafutia pa kupitia. Lakini nilijibu, "Nabakia hapa ku ngazi," nikaketi pale nje mpaka wakamaliza.

Siku ya safari, Maman Balozi alisema atamsindikiza rafiki yake hadi uwanjani. Magari mawili yakasimama mbele ya nyumba. Mimi nikawasha na kutaka kutoka.

"Ngoja," balozi akasema nyuma yangu. "Leo atangulie yeye."

"Lakini Excellence, itifaki…"

"Itifaki naijua, Déo. Mimi nilitangulia kwa sababu nilifika mapema, basi. Hakuna sifa nyingine hapo. Leo nikipanda ndege, atakayekuja badala yangu atakuwa wa mwisho katika mabalozi wote wa mji huu, na wewe utakuwa naye huko nyuma. Siku hiyo utamfokea nani?" Akanyoosha kidole kwenye gari la Fidèle. "Mfuate yule kijana. Na tukifika, shuka ukaongee naye. Mimi nimemaliza kuaga. Bado wewe."

Basi nikamfuata Fidèle. Mvua ilikuwa nyingi na magari mengi. Alikuwa akiwasha taa ya kukata kona mapema kuliko inavyohitajika. Mahali fulani yeye alipita, mimi nikashikwa na taa nyekundu. Nilipovuka nikamkuta ameegesha pembeni, taa zake zinawaka na kuzima, ananingoja. Ndivyo alivyoendesha zile Jumapili za kunifundisha mji. Nikawasha redio.

Uwanjani mabalozi wetu waliingia ndani pamoja, Maman Balozi ameshika mkono wa rafiki yake, wanacheka jambo ambalo sikulisikia. Tukabaki sisi wawili, kila mtu ndani ya gari lake, lake mbele, langu nyuma.

Fidèle akashusha kioo cha dirisha lake.

Katika mvua ile, mwanangu. Akaweka kiwiko nje, akatulia. Hakuniita wala hakugeuka, lakini katika kioo chake cha pembeni niliyaona macho yake, naye aliona ninayaona. Hatua chache tu zilitutenganisha. Nikajiambia: kama anataka, yeye ndiye aje. Nikachukua gazeti nikalifungua mbele ya uso wangu. Sikusoma hata mstari.

Maman Balozi aliporudi alikuwa peke yake, anapangusa macho. Mkono wa koti la Fidèle ulikuwa umelowa wote. Hapo ndipo alipopandisha kioo.

Sikuzungumza naye tena. Muda si mrefu habari zilimfikia Fidèle kuwa mama yake ni mgonjwa, akarudi Bukavu. Mimi niliambiwa na Maman Balozi kwenye ngazi. "Kwani hakukuaga?" aliniuliza. Balozi mpya akafika, na kweli tukawa wa mwisho katika kila mstari. Dereva yule wa Kinshasa alikuwa akinipigia saluti kutoka mbele: "Excellence Déo, bado uko?" Nilistahili.

Kisha vita vikafika kwetu. Nilimtafuta Fidèle kupitia kila aliyetoka Kivu. Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kwa vinyozi, nilikuwa naingia hata kama nywele zilikuwa fupi, niulize tu. Mmoja aliniambia amemwona Uvira. Mwingine akasema hapana, ni Kigoma. Mwingine aliinamisha kichwa akabadilisha mazungumzo. Mpaka leo sijui.

Kwa nini nakusimulia sasa? Wiki iliyopita balozi mwingine wa visiwa vile alikuwa anaagwa, na wakanikumbuka, wakamwalika dereva wao mzee. Nje nikakuta vijana wawili, madereva, watoto wetu wa Kivu, wamesimama wamepeana mgongo. Nikamuuliza mmoja kuna nini.

"Tonton, ule hana respect. Mi ndjo nilifika hapa wa kwanza, anakuja anaweka motoka mbele yangu."

Nikamshika mkono, nikaanza kumsimulia habari hii. Alinisikiliza kwa adabu, akiangalia simu kidogo kidogo. Sijui kama alienda kwa mwenzake. Nikarudi nyumbani nikachukua kalamu.

Mwanangu, cheo unachokiona kazini ni cha mkubwa wako, na siku anaposhuka garini anashuka nacho. Usikitumie kumpimia mtu aliyekupa nusu ya kitanda chake. Anayeondoka, mpandie ngazi umuage, hata kama mnakula jiko moja. Na ukikosana na mwenzako, usikae kuhesabu nani alimtangulia nani. Shuka wewe. Utalowa kidogo, utakauka. Mimi nilibaki mkavu siku ile, na umri wangu wote sijaona faida yake.

Mungu akubariki katika mji huu na popote utakapopelekwa. Akupe rafiki wa kukungoja ng'ambo ya taa nyekundu. Na siku utakapomwona amekuachia dirisha wazi kwenye mvua, Mungu akupe miguu niliyoikosa mimi.