Mkojo Usiokuwa Wake

Juma lililopita nilipata habari kwamba mfanyabiashara mmoja wa mbuzi mjini Mwingi ameaga dunia. Wengi wenu hamkumjua. Mimi nilimjua tangu miaka ya sabini, na sijaona mwingine mwenye shaka kama yeye. Akiuziwa mbuzi alimkagua meno, kisha akamtazama muuzaji usoni kwa muda mrefu zaidi.

Viungo vyake vilipovimba hata akashindwa kufunga vifungo vya shati, daktari alimwanzishia tembe za steroidi. Zilimsaidia upesi, jambo lililomtia wasiwasi, hasa uso ulipoanza kuwa wa mviringo. Siku moja nilimsindikiza hospitali pamoja na mkewe, aliyekuwa mjamzito. Daktari akataka mkojo. "Kinachouma ni mkono, daktari. Mkojo ni wa nini?" Akaelezwa kwamba dawa ile hupunguza nguvu ya mwili ya kupambana na vijidudu, na kwamba bakteria wanaweza kukaa kwenye mkojo bila mtu kusikia maumivu. Akaitikia kwa kichwa, akachukua chupa, akatoka nje na kumpa mkewe. "Tia wako," akamnong'oneza. "Leo nitawashika uongo hawa wa hospitali."

Majibu yalipotoka, daktari alisema mkojo una bakteria wengi. Rafiki yangu akapiga meza. "Nilijua! Huo ni wa mama watoto, na haumwi popote!" Daktari hakucheka wala hakukasirika. Alimgeukia mke. "Mama, kwa mwenye mimba hili si jambo la mchezo. Linaweza kufika kwenye figo, hata mtoto akapata shida." Akaomba mkojo mwingine, bakteria wakaonekana tena, akamwandikia dawa. Mume akazigeuza zile tembe kiganjani, akauliza kama si zilezile zake. Kisha akaomba chupa, safari hii kwa ajili yake mwenyewe. Mkojo wake ulikuwa safi. "Angalia tena," akasema.

Mtoto alizaliwa salama. Kama ni kwa sababu ya dawa, sitaapa; nami nina shaka zangu. Lakini nimeona watu wakinunua tembe zisizo na jina katika soko la Tawa na la Matiliku kwa kuwa muuzaji ana maneno matamu, na hao hao wakimkwepa daktari anayewauliza maswali. Marehemu hakumwamini yeyote kati ya hao wawili, ila alipoumbuka mbele yetu hakuona haya kuomba kupimwa. Anayeshuku na aende akapimwe. Anayeshuku na kubaki nyumbani anajidanganya mwenyewe.