Nilibargain pua moja ya Covid, nikalipa kwa ng'ombe

Wakuu, salamu kutoka Siongiroi. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Iliyoko inatosha.

Mimi ni broker wa ng'ombe. Kwa hivyo ndugu yangu mdogo alipopata mchumba huko Mulot, familia ikanichagua niende koito, ile siku ya posa, kubargain mahari. Wengine kwetu ni wapole, wangetoa mpaka fence.

Sasa, nyanya ya msichana alikuwa ametoka hospitali na kifua. Wakwe wakasema hakuna mgeni kuingia boma bila kupimwa Covid. Nikikosa kuingia, ndugu yangu ameisha.

Asubuhi ya koito nikapitia dispensary ya hapo Mulot. Sista alikuwa mama mtu mzima, sauti ya upole. Akatoa kijiti. Nikakipima kwa macho mara mbili. Wakuu, kilikuwa kama spoku ya bodaboda.

"Sista, hiyo inaishia wapi?"

"Ikifika utajua."

Nikaingia kazini. "Pua ni mbili lakini mwenyewe ni mmoja. Chukua upande mmoja tu."

"Zote mbili, baba."

"Moja. Na usifike mwisho."

Akacheka. "Haya basi, tuanze na moja."

Nikajipongeza kimoyomoyo. Hata serikali naipunguza bei!

Kijiti kikaingia. Nikaona majani chai yote ya Kericho, kwa jicho moja, lile lingine lilikuwa linalia. Kabla nipumue, ameshika upande wa pili.

"Si tulikubaliana moja?"

"Tulikubaliana tuanze na moja."

Nikatoka negative, macho mekundu. Wakwe wakafikiri ni furaha ya kuungana nao.

(Waliowahi kupimwa wanajua hiyo furaha.)

Mazungumzo yakaanza. Nikaweka ng'ombe sita mezani, nikakaza uso. Wakwe wakaanza kunong'onezana. Nikajua nimewaweza.

Mlango ukafunguka. Shangazi ya msichana ameingia, amechelewa kazini, anaomba msamaha. Ni yule sista.

Wakamuuliza anaonaje. Hakuniangalia macho, aliangalia pua.

"Sita ni sawa kabisa," akasema kwa ile sauti. "Tuanze na hizo."

Pua ikaanza kuwasha hapo hapo.

Tulimaliza na kumi. Ndugu yangu ameoa, nyanya amepona, na shangazi akinipata sokoni huniuliza kama bado napumua.

Somo: kabla hujabargain na mtu, uliza kwanza ni shangazi ya nani.

Haya, mliopimwa semeni ukweli hapa chini. Nani alilia macho yote mawili?