Siku Mama Aliyoacha Vidonge

Juzi hospitalini nilimwona mwanamke ameishika kanga isimguse ubavu, nikamkumbuka mama yangu, kule Litapunga nilipokuwa mdogo. Vidonda vyake vya ugonjwa wa mkanda wa jeshi vilikuwa vimekauka ubavuni, ila maumivu yalibaki. Vidonge vilimtuliza, lakini vilimlaza kutwa nzima.

Alasiri moja nilirudi kutoka shule nikasikia harufu ya karanga. Mama alikuwa macho, anakaanga! Nikamkimbilia, nikamkumbatia. Alipiga kelele, akanisukuma.

"Usiniguse, mwanangu. Kaa hapo, unisimulie ya shule."

Nilisusa, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, nikidhani hanipendi tena. Ukubwani dada aliniambia kwamba siku ile mama aliacha vidonge makusudi, akavumilia maumivu ili apate kunisikiliza.

Kesho ya siku ile mama alivimeza tena, akalala.