Baba Alivyoitangaza Filamu ya Mkulima Mvivu

Baba yangu Anatory tulimzika Jumamosi, na Padre akamsifu kuwa alikuwa mtu mkweli. Mimi na mama tuliinamisha vichwa ili tusitazamane. Namwombea kila jioni, Mungu ampe pumziko la milele. Lakini mkweli sana hakuwa, hasa akishika kipaza sauti.

Wakati wa Mwingereza alifanya kazi kwenye gari la sinema la serikali. Lilitoka Bukoba, likapita Kemondo na Muleba, na popote lilipolala lilitundika shuka jeupe ukutani. Filamu zilikuwa bubu. Bwana wa sinema, Mwingereza, alimpa baba karatasi ya Kiingereza, naye akawatangazia watu kwa Kihaya. Bwana alijua Kiswahili, Kihaya hakikumwingia.

Mwaka mmoja serikali ilitaka migomba isafishwe kwa sababu ya fukusi, wadudu wanaotoboa mashina. Ikatengeneza filamu ya wakulima wawili, mvivu na mtiifu. Sehemu zote mbili zilipigwa Nshamba, katika kibanja cha migomba cha bibi yangu Kokubanza, mzaa mama. Kibanja chake kilisifiwa hata na wasiompenda. Bibi akapelekwa pembeni, kwenye kipande alichokipumzisha, akaambiwa ainame kwenye magugu. Akadhani wanaijaribu mashine. Kisha wakamwomba akae kando, karani mmoja kutoka Bukoba akavaa kanzu safi, akasimama kati ya migomba minene ya bibi, akakata mkungu huku anatabasamu. Mkungu wakaondoka nao.

Baba aliposoma karatasi alikuta mvivu ni bibi na mtiifu ni karani. Filamu ingeonyeshwa Nshamba kwenyewe. Kwetu mwanamume humstahi mama mkwe wake hata macho hayakutani. Sasa amtangaze kuwa ana kibanja kichafu, mbele ya majirani, tena kwa kipaza sauti? Lakini angekataa angefukuzwa, na mama alikuwa na mimba yangu.

Siku ikafika. Ukuta ulikuwa wa duka la Umedbhai, na bibi alikaa mbele kabisa, amevaa nguo ya kanisani, akingoja kujiona. Alipotokea kwenye magugu watu wakageuka kumtazama. Baba akasafisha koo, akasema kwa Kihaya, kwa sauti ileile ya serikali: "Huyu mmemjua. Amesimamishwa mahali alipopumzisha udongo. Ngojeni mwone kibanja chake chenyewe."

Karani akatokea. Waliotengeneza filamu walidhani migomba yote hufanana, lakini hapo kila mtu aliitambua migomba ya Kokubanza kama mtu anavyotambua ng'ombe wa jirani. Baba akaendelea: "Na huyu ni mgeni wetu. Jembe hajalishika, ila kanzu imefuliwa vizuri."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Josia, dereva wa gari, naye Mhaya, akaenda kukagua matairi. Bwana akauliza wanacheka nini. Baba akamjibu kuwa wanamcheka mvivu.

Bwana akafurahi kupita kiasi. Akataka yule mvivu asimame aahidi mbele ya wote kwamba atajirekebisha. Baba akayatafsiri, macho ameyaelekeza ukutani. Bibi akasimama taratibu, akasema kwa Kihaya, kwa heshima zote: "Mwambie, waitu, huyo karani akitaka kulima aje, nitamfundisha. Ila aje na chakula chake."

"Anasema nini?" Bwana akauliza.

"Anaishukuru serikali, Bwana. Anaahidi kuwafundisha na wenzake."

Bwana akamshika bibi mkono. Makofi kama hayo hayakuwahi kusikika Nshamba hata siku ya Askofu.

Jumapili, nje ya kanisa, wanawake walimzunguka bibi wakimwomba machipukizi ya migomba yake, ile ya kwenye sinema. Bwana aliposikia watu wanapanda upya, akatoa taarifa Bukoba kwamba filamu imefaulu kuliko zote, na kwamba mtangazaji wake asibadilishwe.